Jicho Litangulie Mkono

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu, mama zangu wa vikundi vya bustani, na nyinyi vijana wa bodaboda mliokubali kuacha abiria asubuhi hii: shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya nyoka na wadudu wenye sumu tunaokutana nao bustanini. Kabla sijasema kama muuguzi, naomba niseme kwanza kama mtoto wa mkulima wa hapa hapa Muheza.

Mama yangu mdogo alikuwa na matuta ya matembele nyuma ya nyumba, karibu na maji ya bafuni yanakomwagikia. Mnayajua matembele yakishashika: yanafunika ardhi yote, udongo huuoni. Jioni moja, magharibi inaingia, alikwenda peku kuchuma mboga ya usiku. Akasikia kitu kimemchoma juu ya kifundo cha mguu, akadhani ni mwiba wa mchungwa. Alikuwa kifutu. Watu wakaja mbio. Wakamfunga kamba ya katani chini ya goti, wakaikaza kwa kijiti kama tunavyokaza mzigo wa kuni, na kamba ile ikalala naye usiku kucha. Alipofikishwa hospitali asubuhi, mguu ulikuwa wa baridi, umebadilika rangi. Ukakatwa.

Nilikuwa darasa la nne. Mama mdogo aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilima mboga huku amekaa juu ya kigoda, akijisogeza tuta kwa tuta. Yeye ndiye aliyenifundisha kusia mchicha. Nilipokwenda kusomea uuguzi ndipo nilipofahamu kwamba kamba ile ilikuwa imeisaidia sumu kazi yake. Simlaumu mtu. Waliomfunga walikuwa majirani zake na walimpenda, walifanya walichofundishwa na waliowatangulia. Ila tangu siku niliyolijua hilo, siwezi kupita kwenye matembele ya mtu nikanyamaza.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nawaomba leo tujifunze kushtuka kabla.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka. Wanaofariki ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaobaki na ulemavu wa maisha ni kama mara tatu ya hao. Hebu tujiulize ni akina nani. Ni wakulima. Ni wachungaji. Ni watoto waliotumwa kuni. Ni watu ambao wakiumwa, habari yao haifiki mbali, na kwa sababu hiyo jambo hili lilikaa miaka mingi bila mtu mkubwa kulitazama. Mwaka 2017 ndipo lilipoingizwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, na mwaka 2019 Shirika likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu wa kuumwa na nyoka kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Nusu hiyo, mama zangu, sehemu yake kubwa itabidi ipatikane kwenye matuta kama haya yetu, maana huku ndiko watu wanakoumwa.

Sasa, nyoka anatafuta nini bustanini? Nyoka hali mchicha. Anamfuata panya, na panya kafuata mahindi tuliyoyaacha chini stoo, pumba za kuku zilizomwagika, maboga yaliyooza kwenye lundo. Au anamfuata chura, na chura kafuata lile dimbwi chini ya bomba linalovuja. Kila mara mtu anaponiambia nyumba yake "imetupiwa nyoka", huwa naomba kwanza nionyeshwe stoo. Sisemi hivi kumdharau mtu imani yake. Nasema kwa kuwa nimeshaona nyumba ambayo baada ya mahindi kuwekwa kwenye mapipa yenye vifuniko na bomba kuzibwa, wale nyoka waliokuwa wakionekana kila wiki hawakuonekana tena.

Kuna wanaomwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba, wanaochoma matairi, wanaopanda vitunguu saumu pembezoni, wanaonyunyiza unga wa salfa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitika kumzuia nyoka, na mafuta ya taa yanaharibu udongo mnaotegemea uwalishe watoto. Fedha hiyo nunueni mfuniko wa pipa.

Naomba nikae kidogo kwa kifutu, wengine humwita moma au bafe, maana ndiye ninayemwogopa kuliko wote kwa ajili yenu. Koboko ana sumu kali zaidi, ni kweli, lakini koboko akikusikia mara nyingi anaondoka zake. Kifutu haondoki. Mwili wake mfupi na mnene umechorwa kama majani makavu, na yeye anaiamini rangi yake. Nyoka wengi wakisikia kishindo ardhini huteleza wakaenda. Kifutu anatulia, anajibana, anangoja upite. Anaweza kukaa mahali pamoja mchana kutwa akimvizia panya. Unaweza ukapita karibu naye mara nne usijue, mara ya tano ukamkanyaga. Akirusha kichwa, jicho la mtu haliwezi kuufuata mwendo huo. Jike huzaa watoto walio hai, 20 au 40 kwa mara moja. Yuko mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyekuwa akifugwa Ulaya, aliyezaa 156. Na kila mtoto anatoka na sumu yake tayari.

Kwa hiyo ule ushauri wa kuimba na kupiga miguu chini ukiingia shambani, tuendelee nao, unasaidia kwa nyoka wengine. Kwa kifutu hautoshi. Kwake yeye kinga ya kwanza ni kumwona kabla hujamfikia. Ndiyo maana kila ninapokwenda nasema maneno yale yale: jicho litangulie mkono, jicho litangulie mguu. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halijaingia.

Tuanze na matembele, maana kwangu ni deni. Matuta tunayatengeneza mapana mno. Mama anataka kuchuma katikati, inambidi aingie, akanyage asipopaona. Fanyeni tuta liwe jembamba, mkono ufike katikati kutoka upande wowote, na kati ya tuta na tuta muache njia ya udongo mtupu ya upana wa miguu miwili ikiwa sambamba. Majani yakianza kutambaa njiani, yarudisheni juu ya tuta au yakateni mle. Kabla hujachuma, pitisha fimbo ndefu, funua majani, tazama, halafu ndipo uchume. Mkiniambia nichague jambo moja tu la kulifanya wiki hii katika kijiji hiki chote, nitachagua njia hiyo ya udongo mtupu. Mengine yangoje.

Matandazo msiache. Najua kuna waliotishika wakaacha kutandaza nyasi kwenye nyanya, na kiangazi kikawachomea mazao. Tandazeni, ila kwenye njia ya miguu pabaki wazi, na mnapoyagusa tumieni reki. Hali kadhalika mboji. Lundo la mboji lina joto na lina chakula, mijusi wanalipenda, na baadhi ya nyoka hutaga mayai humo. Liwekeni mbali na mlango na mbali na njia ya chooni, na mtu asitie mkono humo hata kama ni kufuata nyungunyungu wa kuvulia samaki. Koleo au uma wenye mpini mrefu.

Ukitaka kunyanyua ubao, tofali au gogo lililolala muda, usisimame upande unaofunguka. Simama nyuma yake, ulivutie kwako kwa jembe, ili uwazi uelekee kule na gogo lenyewe libaki kati yako na kilichomo. Kuni zipandisheni juu ya kichanja, futi moja kutoka chini, muweze kuona mwanga upande wa pili. Ukienda kuangua machungwa au maembe, tazama juu kwanza, tawi kwa tawi. Huku kwetu pwani hongo wa kijani anakaa kwenye miembe na mikorosho, na kwa mbali anafanana sana na ukuti, yule mwembamba asiye na madhara. Wewe usijaribu kuwatofautisha. Shuka, ngoja, rudi baadaye.

Kuna mmoja ambaye watu wengi hawamjui, na hukutwa na wanaochimba viazi na muhogo hasa mvua zikianza. Ni mdogo, mweusi au wa kahawia iliyoiva, urefu kama wa rula moja au mbili, macho yake kama nukta, anaishi ardhini. Watoto humdhani nyungunyungu mkubwa. Hata mtu aliyezoea kukamata nyoka, akimshika nyuma ya kichwa kama wanavyoshikwa wengine, anachomwa, kwa sababu meno ya huyu hutokezea ubavuni mwa mdomo hata mdomo ukiwa umefungwa. Na sindano za kuzuia sumu ya nyoka tulizonazo hazimhusu. Kidole huvimba, ncha huweza kuoza. Kwa hiyo jembe likitoa nyoka mdogo, hata awe mdogo kama kamba ya kiatu, asishikwe. Wafundisheni watoto leo leo.

Swila naye ana tabia yake. Anainua kichwa, anatanua shingo, halafu anatema, na sumu yake inaweza kuruka zaidi ya mita 2, akilenga uso. Ikiingia machoni inaunguza kama pilipili mara kumi, na mtu asipohudumiwa anaweza kupofuka. Dawa ya hapo hapo ni maji. Maji mengi, safi, yakitiririka, kope zimefunguliwa kwa vidole, dakika 15 hadi 20 bila kuchoka. Kama maji hayapo, hata maziwa. Usisugue. Usitie tumbaku, wala mkojo, wala majani ya kitu chochote. Halafu moja kwa moja kituo cha afya jicho likaangaliwe, hata kama maumivu yametulia. Swila pia huingia ndani usiku akifuata panya na vifaranga, na huuma waliolala chini. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinazuia mbu na kinamzuia na yeye.

Nitaongeza neno juu ya viatu, na mama zangu mnisamehe. Tunakwenda bustanini na ndala. Ndala ni peku iliyofunikwa chini. Wengi wanaoumwa na nyoka huumwa chini ya goti, na sehemu kubwa ya hao ni mguuni na kifundoni, pale ambapo buti la mvua linafunika. Najua bei ya buti. Ndiyo maana napendekeza kikundi kinunue jozi chache za pamoja, ziwe zinatundikwa juu chini, yaani soli zikitazama dari, ili nge wasijifiche ndani, na anayekwenda bustanini azivae akirudi azitundike. Kanga siyo adui. Vaeni suruali nzito ndani yake. Na baada ya magharibi pasiwe na mtu anayekwenda chooni, kisimani au bombani bila tochi. Kifutu hutembea usiku, na hupenda kulala kwenye njia yenye joto la mchana.

Nge, tandu na wenzao sitawamaliza, nitawataja. Nge wengi wa huku huumiza sana ila hawaui mtu mzima. Mwenye mkia mnene na mikono ya kubania iliyo myembamba ndiye mkali. Paracetamol na kitambaa cha baridi vinatosha kwa wengi, lakini mtoto mdogo aliyeumwa na nge apelekwe hospitali bila kujadiliana, hasa akitoka jasho jingi, mate, mwili ukicheza, au akihema kwa shida. Kuna jambo zuri la kujua: nge hung'aa rangi ya kijani-buluu akimulikwa na ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti za fedha. Ukiwa nayo, mulika stoo usiku mara moja kwa mwezi, utashangaa. Tandu anauma vibaya, maji ya moto kiasi yanapunguza. Jongoo hana meno ya kukudhuru; majimaji yake tu yasiingie machoni.

Nyuki ndio tunaowadharau, na mdharau mwiba mguu huota tende. Kundi likihamia kwenye ndoo iliyopinduliwa au tundu la ukuta wa banda, msilipige moshi wa plastiki wala mafuta ya taa. Aitwe mfuga nyuki, aje jioni na zana zake. Wakikuvamia, kimbia mbali, moja kwa moja, nguo usoni, mpaka uingie ndani ya nyumba na mlango ufungwe. Usisimame kuwapiga, maana aliyepondwa hutoa harufu inayowaita wenzake, na usijitupe kwenye maji, watakungoja juu. Miiba ing'olewe upesi kwa kukwangua na ukucha. Na mtu yeyote ambaye akiumwa na nyuki mmoja tu hutokwa na vipele mwili mzima, huvimba midomo au hukosa pumzi, huyo kila dakika ni yake. Akimbizwe.

Tuje kwenye siku yenyewe. Mtu ameumwa na nyoka.

La kwanza, ondokeni pale alipo nyoka. Msimkimbize kumuua. Wengi huumwa wakijaribu kuua, na nimepokea wagonjwa wawili wa nyoka mmoja, wa pili akiwa kaka aliyekwenda kulipiza. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda. Hatuhitaji mletewe nyoka. Mwenye simu apige picha kwa mbali kama inawezekana. Kama haiwezekani, basi.

La pili, mvueni pete, bangili, kikuku, saa, shanga, chochote kinachobana, kabla uvimbe haujaanza. Mlazeni, kiungo kilichoumwa kifungwe ubao kama tunavyofunga mfupa uliovunjika, kwa kanga iliyokunjwa, isibane. Asitembee. Kila hatua anayopiga, misuli inaisukuma sumu mwilini. Mtu mmoja aandike saa aliyoumwa, hata kwenye kiganja chake. Mwenye kalamu achore mstari pale uvimbe ulipofikia na aandike saa pembeni. Mstari huo ukifika kwetu unatuambia mengi kuliko maneno ya watu kumi. Maumivu yakizidi, paracetamol. Aspirini na diklofenaki hapana, maana ziko sumu zinazozuia damu kuganda, na dawa hizo huongeza kutoka damu.

Kamba hapana. Nimekwisha kuwaeleza kwa nini. Sumu ya kifutu inaharibu nyama. Ukiifungia mahali pamoja na ukaikata damu isipite, kiungo kinakufa. Na kama mmekuta mtu ameshafungwa kwa nguvu na muda umepita, msiifungue njiani kwa ghafla. Mleteni hivyo hivyo upesi, tuifungue sisi tukiwa na dawa karibu. Wembe hapana. Kunyonya kwa mdomo hapana. Kumpiga shoti ya betri ya gari hapana.

Na jiwe la nyoka. Najua hapa wapo wanaolihifadhi ndani, limerithiwa. Lile jiwe jeusi mara nyingi ni mfupa uliochomwa. Linaganda kwenye kidonda kwa sababu lina vitundu vidogo vinavyonyonya majimaji, na mtu akiliona limeganda anaamini linavuta sumu. Sumu wakati huo imeshaingia ndani ya mwili, jiwe haliifikii. Mbona wengine hupona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu kuna wakati anauma bila kuitoa. Hao wangepona hata kwa kuwekewa kipande cha gae. Wazee wangu waganga, ninawaheshimu na ninawaomba kitu kimoja. Mkiletewa aliyeumwa na nyoka, mpeni dua yenu wakati anapandishwa kwenye pikipiki. Watu wanawaamini nyinyi kuliko wanavyotuamini sisi. Neno lenu "mpelekeni sasa" litaokoa wengi kuliko mafunzo yangu.

Koboko, na pengine hongo, anaweza asivimbishe sana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mgonjwa anasema siumii. Tazameni macho. Kope zikianza kushuka kama mtu mwenye usingizi, ulimi ukawa mzito, mate yakamshinda kumeza, pumzi inafuata. Huyo alazwe ubavu wa kushoto ili matapishi yasimpalie, na pumzi ikikata apulizwe mdomo kwa mdomo njia nzima, bila kukata tamaa, maana moyo wake bado unapiga. Misuli ya kuhemea ndiyo iliyolala.

Vijana wa bodaboda, sasa nasema nanyi. Kule kusini mwa Nepal, mahali panapoitwa Damak, waliwahi kuwapanga vijana wa pikipiki waliojitolea kuwabeba walioumwa na nyoka kwenda kituoni. Kabla ya hapo, kati ya waliotiwa sumu 100, walikuwa wakifariki kama 10. Baada ya pikipiki, waliofariki hawakufika hata mmoja kati ya 100. Hakuna dawa mpya iliyokuja pale, ni mwendo na mafunzo kwa wanakijiji. Mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, mwingine nyuma amemkumbatia asianguke. Mshikaki huo tunaofukuzwa nao barabarani, siku hiyo ndio gari la wagonjwa.

Mkifika, msishangae tusipochoma sindano mara moja. Tunaweza kuchukua damu kidogo, tukaitia kwenye kichupa cha kioo kikavu, tukakiacha kimetulia dakika 20, kisha tukakiinamisha. Damu ikimwagika kama maji badala ya kuganda, tunajua sumu imeingia kwenye damu. Asiyeonyesha dalili tunamweka na kumtazama saa 24, kwa kuwa ziko sumu zinazochelewa. Sindano ya nyoka hutengenezwa kwa damu ya farasi aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo. Mwili wa mtu unaweza kuikataa kwa nguvu, na kwa hiyo haichomwi nyumbani wala dukani, inachomwa mahali penye dawa ya kuokoa mtu na oksijeni.

Na sindano hizo ni chache. Iliyokuwa ikitegemewa sana sehemu nyingi za Afrika, Fav-Afrique, kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2014 na chupa za mwisho ziliisha muda wake mwaka 2016. Nimeshuhudia mgonjwa akizungushwa vituo vitatu usiku mmoja, kila pahali wakiambiwa hapa hatuna, nendeni pale. Aliyemsindikiza alikuwa mwanawe, kijana wa miaka 15, na uso wake sijausahau. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu simu moja iliyopigwa kabla ingeyamaliza yote. Mwenyekiti, nakuomba mbele ya watu wako: kila masika na kila vuli zinapokaribia, serikali ya kijiji ipige simu hospitali iulize dawa ipo wapi, chupa ngapi, na jibu liandikwe kwa rangi ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Chini yake ziandikwe namba za simu za bodaboda wawili watakaopokea usiku. Na kama jibu ni kwamba dawa hakuna mahali popote karibu, basi tuliulize hilo kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya diwani, tukiwa wengi.

Nimesema vya kutosha, na jua linapanda. Mbele ya ofisi hapa kuna matuta ya kikundi cha akina mama, na nyuma yake kuna lundo la mboji ambalo halijaguswa tangu mfungo. Naomba tusimame twende pamoja. Anayeshika reki atangulie, wengine mkae nyuma yake hatua nne, watoto wabaki kwa bibi pale mwembeni. Tutalifungua polepole kutoka juu. Tukimaliza, nataka vijana watatu na pikipiki moja. Mimi nitakuwa mgonjwa, mguu wangu huu wa kulia ndio ulioumwa, na mtanifunga ubao kwa kanga yangu hii.